Jinsi ya kupanga koziweki ukisoma familia na maendeleo ya jamii chuo: anzia fildi urudi nyuma

Hii ni kwa nyie mlioingia chuo kusoma mambo ya familia na jamii, uwe uko SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro kwenye masomo ya familia na walaji, uwe Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama Dar, uwe Tengeru kule Arusha kwenye maendeleo ya jamii au sosholojia Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majina ya digrii yanatofautiana ila ukifungua ndani unakuta vitu vingi ni vile vile, nadharia za familia, jinsia, sera, sheria kidogo, ushauri nasaha, takwimu, mbinu za utafiti, miradi, alafu fildi (mafunzo kwa vitendo nje ya chuo) na disetesheni (andiko la utafiti la mwaka wa mwisho).

Watu wengi wanapanga semista kwa semista. Tesiti ikija wanapiga msuli, ikipita wanapumua, mwaka wa mwisho supavaiza (mwalimu anayekusimamia utafiti) anauliza mada yako ni nini ndo wanaanza kugugo. Mi nasema geuza. Anza na swali la familia unalotaka kulifanyia kazi fildi na kwenye disetesheni, alafu rudi nyuma upange kozi, opsheni na asaimenti zikufikishe pale. Sababu ni moja tu, sisi maabara yetu ni nyumba za watu, na nyumba za watu haziendi na almanaki ya chuo, zina mvua zao, mavuno yao, misiba, ngoma na mfungo, kwahiyo usipoanza mapema unafika kijijini unakuta mlango una kufuli watu wako shamba na wewe una wiki mbili za kurudi chuo.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu ratiba ni mapambo ya ukutani. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanahesabu krediti 1 ni masaa 10 ya kazi, na kazi hapo sio lekcha peke yake, ni pamoja na semina, kusoma mwenyewe, asaimenti, na kujiandaa na mtihani. Digrii ya miaka 3 inataka krediti 360 kwenda juu, yani 120 kwa mwaka, 60 kwa semista. Mara 10 ni masaa 600. Semista ukiipa wiki 15 hayo ni masaa 40 kwa wiki, ni ajira kabisa hiyo. Sasa unakuta ratiba ya darasani inakuonyesha labda masaa 18 alafu mtu anajiona ana muda wa kufa mtu, anafungua biashara ya kuuza viatu hosteli, kumbe yale mengine yote ni ya kwake kusoma na kuandika na hakuna atakayemwita roll kol. Sisemi usifanye biashara (bumu lenyewe, ile hela ya kujikimu ya mkopo, unalijua linavyoisha), nasema ujue unakata wapi.

Na ugawe masaa kwa uzito wa krediti sio kwa mapenzi ya lekchara. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, kila moja inazidishwa na krediti za kozi. Chukua kozi mbili tu, moja ina krediti 12 nyingine 8. Ukipata B+ kwenye ya 12 ni 48, A kwenye ya 8 ni 40, jumla 88 gawa kwa 20 unapata wastani (GPA) wa 4.4, hiyo ni first class. Sasa mwenzio akapata A ile ile kwenye ya 8 ila ile nzito akaichukulia poa akapata B, yeye ni 40 na 36, ni 76, gawa 20 ni 3.8. Wote wana A moja. Na kwa kawaida kozi inayochukuliwa poa kwenye fani zetu ni takwimu, mtu anakwambia mi nimekuja kusoma watu sijaja kusoma namba, alafu ndo hiyo hiyo inampa sapu (mtihani wa marudio), sapu ikigoma anakeri, yani anaibeba kozi mwaka unaofuata, na mwaka wa mwisho anashindwa kusoma hata jedwali la sensa kwenye disetesheni yake mwenyewe.

Sasa kupanga. Wiki ya kwanza chukua prospektasi ya chuo chako, kanuni za mitihani, na kozi autilaini zote za semista, sio ile ya kusimuliwa na siniya, maana kozi zinabadilishwa namba na krediti kila mtaala ukipitiwa. Kwenye karatasi moja kubwa andika semista zote mpaka ya mwisho, weka kozi za lazima, weka alama kwenye zile ambazo huwezi kuchukua nyingine mpaka upite hizo kwanza, alafu acha nafasi za opsheni wazi. Kwenye kanuni tafuta koziweki (alama za tesiti na asaimenti) inabeba ngapi na UE (mtihani wa mwisho wa semista) inabeba ngapi, sehemu nyingi utakuta 40 kwa 60, ila cha muhimu zaidi tafuta kama kuna kiwango cha chini cha koziweki cha kukuruhusu kuingia kwenye UE, hicho kipengele watu huwa wanakisoma wakiwa tayari wamenyimwa mtihani.

Swali lako la familia si lazima liwe kubwa, na usichague kitu kama "umaskini" au "malezi", huko utapotea. Chagua kitu unachoweza kukiona kwa macho sehemu unayoweza kufika kwa nauli yako. Mfano Waluguru, wako pale pale milimani juu ya Morogoro, ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama, sasa kijana anayelima shamba la mkewe ana sauti gani kuuza au kukopea? Au Wakurya kule Mara na nyumba ntobhu, mwanamke mtu mzima ambaye hana mtoto wa kiume anaoa mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate watoto, waulize mirathi inakwendaje pale. Au ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, hela ikiingia kwa mama nani nyumbani anaamua itumike wapi. Au bibi anayelea wajukuu wakati wazazi wako mjini. Yote hayo yana nyama ya kutosha kwa disetesheni na bado ni madogo.

Ukishakuwa nalo lipitishe kwenye kozi. Kwenye nadharia za familia unaandika asaimenti ukitumia ekolojia ya Bronfenbrenner (nadharia inayomwangalia mtoto ndani ya mazingira yanayomzunguka, kuanzia nyumbani mpaka jamii nzima) kwa bibi na wajukuu wake. Kwenye jinsia unaandika kuhusu maamuzi ya pesa. Kwenye sera unasoma TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na ruzuku ya kaya maskini. Kwenye takwimu unaomba utumie data za sensa ya 2022 kwa wilaya yako badala ya mfano wa wanafunzi na urefu wao. Ikifika mwaka wa tatu unakuta maandiko unayo, waandishi unawajua, mapengo umeshayaona. Ila sikiliza, usikopi asaimenti ya kozi moja ukaipeleka kwenye nyingine, hata kama ni yako hiyo ni kosa vyuo vingi, na programu za kukagua zinaikamata mchana kweupe. Unachobeba ni usomaji na uelewa, andiko linaandikwa upya.

Ngoja nionyeshe asaimenti moja jinsi inavyokatwa vipande maana hapa ndo alama zinapotea. Tuseme kozi ya sheria na familia umepewa swali, jadili nafasi ya kazi za nyumbani kwenye mgawanyo wa mali za ndoa Tanzania, maneno 2,000, wiki tatu. Wengi wanaanza na "tangu enzi za mababu ndoa imekuwa taasisi muhimu", kurasa mbili hizo zimeenda. Wewe wiki ya kwanza usiandike, soma. Chukua Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114 ndo kinachozungumzia mgawanyo na mchango wa kila mmoja, kisome chenyewe sio kwenye slaidi. Alafu chukua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, kila mtu ataitaja kwamba mahakama ilikubali kazi za nyumbani za mke ni mchango. Sawa, ila isome mpaka mwisho. Kanuni ilishinda lakini Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufanikiwa, mahakama iliona kuna pesa alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia akazitumia ovyo, kwahiyo fungu lake likahesabiwa kama limeshaenda. Hapo sasa una kitu cha kujadili! Kazi ya nyumbani inapimwaje? Nani anapima? Mwenendo wa mke unaingiaje kwenye hesabu ya jasho lake? Wiki ya pili unaandika mwili wa kazi kuanzia hapo, utangulizi unauandika mwisho kabisa ukishajua umesema nini, wiki ya tatu unakata maneno, unarekebisha marejeo, unapeleka siku mbili kabla maana siku ya mwisho intaneti ya hosteli wote tunaijua.

Ukipenda upande wa ndoa za utotoni fanya hivyo hivyo, vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 kwenye kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi iliyosema vifungu hivyo vinakiuka katiba na ya Rufani ya 2019 iliyoikubali, iweke pembeni ya Sheria ya Mtoto ya 2009 inayosema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Ukiziweka hizo tatu mezani mjadala unajiandika wenyewe nusu.

Kitu kingine ambacho naona hakipewi muda kwenye ratiba ni jenogramu, ule mchoro wa familia vizazi vitatu. Unaambiwa uchore, watu wanachora usiku wa kuamkia prezentesheni wakiwa wamejaza kwa kubahatisha. Mraba ni mwanaume, duara ni mwanamke, mstari wa mlalo unawaunganisha wanandoa, watoto wananing'inia chini kuanzia mkubwa kushoto, aliyefariki unamkata msalaba, talaka ni vimistari viwili vimekata mstari wa ndoa, ugomvi ni mstari wa zigizaga. Rahisi ukiwa na familia ya kwenye kitabu. Sasa nenda kachore familia ya kweli, baba ana wake wawili, mtoto wa kaka yake analelewa hapo tangu darasa la pili na anaitwa mwanangu, mjomba ndo analipa ada, na baba mwenyewe yuko machimboni Geita anatuma M-Pesa kila mwezi. Ukiweka wanaolala pale tu umemwacha anayewalisha. Kwahiyo panga angalau vikao viwili na mtu anayeijua ile familia, cha kwanza unachora kwa penseli yeye anaongea, cha pili unarudi na mchoro safi anakwambia hapa umekosea, huyu ni wa mama mwingine. Hiyo ni wiki nzima kwenye ratiba, iandike. Na fanya mazoezi ya kwanza kwa familia yako mwenyewe, ila ukiipeleka darasani badilisha majina, kuna mambo ya shangazi yako hayahusu semina ya watu 60.

Kazi za makundi. Hapa sitakaa sana, wote tunajua, kundi la watu 10, wawili wanaandika, watatu wanasema "nipo pamoja nanyi" kwenye WhatsApp, waliobaki unawaona siku ya prezentesheni wamevaa suti. Gawa kazi siku ile ile mnapopewa swali, kila jina na kipande chake na tarehe, piga picha tuma kwenye grupu, asiyeleta kwa tarehe jina haliandikwi kwenye kazi mpaka alete. Mwambieni CR (kiongozi wa darasa) mapema sio siku ya kukusanya. Basi.

Ratiba ya wiki usiijaze mpaka pomoni. Mi nashauri asubuhi moja ya wiki iwe ya kusoma swali lako la familia tu, hata kama hakuna asaimenti inayolihusu wiki hiyo, na jioni moja iwe tupu kabisa. Wiki za tesiti zikija zinakula kila kitu, zinajulikana, huwa ni katikati ya semista na zinakuja zote kwa pamoja, kwahiyo asaimenti ndefu zimalizwe kabla ya hapo hata kama tarehe ya kukusanya iko mbele. Madesa (notsi za kurithishana) na pastipepa (mitihani iliyopita) tumia kujua swali linavyoulizwa, sio kukariri majibu. Kwenye masomo yetu anayesahihisha amesoma jibu lile lile la desa mara mia, ukimpa mfano mmoja wa kweli kutoka Mvomero au Tandahimba anaamka.

Sasa fildi yenyewe. Vyuo vingi inaangukia likizo ndefu, kama Julai mpaka Septemba. Kwa bahati nzuri sehemu kubwa ya nchi huo ni msimu mkavu, masika yameisha, mavuno yako ndani au yanamalizikia, watu wanapatikana nyumbani na barabara zinapitika. Ila ndo msimu wa harusi na kusini ndo wakati wa jando na unyago pia, ambayo kwa mtu anayesoma familia ni bahati kubwa ukikaribishwa, ila usipange mahojiano 8 wikiendi ya ngoma. Ukihama ukaenda Lindi na Mtwara Oktoba unakuta korosho, hela inazunguka na watu wako bize, majibu kuhusu kipato utakayopata Novemba sio utakayopata Machi, andika mwezi kwenye kila dodoso. Ramadhani nayo inasogea nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, cheki kalenda, pwani na Zanzibar mfungo ukiingia katikati ya fildi panga mahojiano asubuhi mapema, jioni mama yuko jikoni anaandaa futari na wewe unamuuliza nadharia.

Vibali vinakula muda kuliko watu wanavyodhani. Barua inaanzia chuo, inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri kwa mkurugenzi, kisha mtendaji wa kata, alafu mtendaji wa kijiji au mtaa, na huyo wa mwisho ndo bosi wako wa kweli. Kila ofisi afisa anaweza kuwa safarini, kwahiyo anza barua mwezi mzima kabla ya kusafiri ukiweza, tembea na nakala za kutosha, na ukifika kijijini ripoti kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti kabla hujagonga mlango wa mtu yeyote, shikamoo kwanza karatasi baadaye. Muombe akutambulishe lakini mahojiano yenyewe asikae pembeni yako, maana hakuna mama atakayekwambia mkopo wa kikundi ulivyoliwa huku mwenyekiti ameketi anasikiliza. Na usitegemee hela ya fildi iwe imeingia siku ya kuondoka, weka nauli ya kwenda na kula wiki ya kwanza pembeni tangu semista inaanza, hata kidogo kidogo.

Kuna jambo lazima lipangwe kabla, sio likikukuta. Ukiuliza watu kuhusu familia zao, kuna siku mtu atakwambia anapigwa, au mtoto atasema kitu ambacho hutakiwi kukisikia na kukaa kimya. Wewe ni mwanafunzi sio mwokozi, usiahidi kitu usichoweza na usiende kumkabili mume wa mtu. Kabla hujaanza mahojiano andika kwenye daftari afisa ustawi wa jamii wa eneo lile ni nani na anapatikana wapi, kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto kiko wapi, na 116 ambayo ni simu ya watoto inayopigwa bure. Kama ni ugomvi wa ndoa jua pia kata ina baraza la usuluhishi. Zungumza na supavaiza mapema mkubaliane utafanya nini ikitokea, na ridhaa ya mhojiwa ieleze wazi kwamba kuna mambo ya watoto huwezi kuyaweka siri.

Kwenye data, watu wanasahau kitu kimoja cha kijinga kabisa, mahojiano unafanya kwa Kiswahili au Kikurya au Kiluguru, disetesheni kwa kawaida unaandika kwa Kiingereza. Sauti ya saa 1 inaweza kula masaa 4 mpaka 6 kuiandika, na hapo hujatafsiri. Mahojiano 15 ya dakika 45 kila moja, piga hesabu mwenyewe. Kwahiyo usirudi na sauti zote chuo ndo uanze, andika kila jioni ile siku bado iko kichwani, umeme ukikatika andika kwa mkono, na maneno matamu ya mhojiwa yaache kwa Kiswahili chake kwanza, tafsiri iwe pembeni. Simu yenye sauti weka neno la siri, majina ya watu badilisha kwa namba, na nakala weka sehemu mbili tofauti, flashi moja sio nakala hasa ile uliyoazimwa.

Disetesheni ikishafungwa chapisha kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida, umekuta nini na nini kifanyike, zipeleke kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani. Nakala chache pale steshenari hazikufilisi, na wadogo zako watakaokuja na barua mwaka unaofuata watapokelewa vizuri.